Machicha Yaliyoshuka Walikale

Mtu akitoka kazini hutarajia moto na kigoda. Pétronille alitarajia ndoo. Ilikuwa palepale kila jioni, nje ya mlango wa nyumba yao ya kambi ya wafanyakazi, imejaa maji ya mlimani yanayouma mpaka mifupani, na nyuma yake alisimama mumewe Athanase, ameziba pua kwa vidole viwili.

"Unawe kwanza, Mama Godelieve. Mikono, miguu. Na ile kitambaa ya kichwa uache inje."

Pétronille akanawa huku akitetemeka. Baridi ya Kirolirwe, juu milimani, haina huruma na mtu. Kazi yake ilikuwa kubeba machicha kwenye kinu cha masista wa dispensari. Masista walisaga soya, wakaichemsha, wakaichuja, wakapata maziwa ya kuwanywesha watoto wenye bwaki, wale waliovimba miguu na kupauka nywele kwa kukosa chakula chenye nguvu. Maziwa yalikwenda kwa watoto. Machicha, yale mabaki mazito yanayosalia kitambaani, yalikwenda kichwani kwa Pétronille, kikapu baada ya kikapu, mpaka shimoni nyuma ya kinu. Yakikaa siku moja yanachacha. Yakikaa mbili, nzi wa kilima kizima wanapeana habari. Maji yake yalimchuruzikia shingoni, na sabuni ya kambi haikuwahi kuyashinda. Kanisani watu walisogea alipokaa. Watoto walimwita Mama Machicha, na wakubwa waliwakemea watoto hao huku wakicheka pembeni.

Mumewe, kwa upande wake, alikuwa mtu wa maua. Athanase alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa kikaushio cha pareto, au seshwari kama walivyoiita kambini, jengo refu la mabati lenye tanuri chini na vichanja juu, ambamo maua meupe yaliingia mabichi na kutoka makavu, tayari kusafirishwa Ulaya yakatengenezewe dawa ya wadudu. Miaka kumi na moja alikuwa akiyakausha, na alijivuna nayo kama mwenye ng'ombe mia. Lakini jioni hiyo, Pétronille alipoingia ndani, hakujivuna. Alikaa, akaangalia moto.

"Mosio amesema," alianza, akimtaja mwenye shamba. "Seshwari inafungwa."

"Inafungwa? Kwa nini?"

"Piretre haiko tena na bei. Kule Ulaya balipata dawa ingine ya kuua bududu. Fundi Léonard atakuja kung'oa mabati, bapelekee muzungu mumoja wa kahawa."

"Na siye?"

"Nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba inaisha. Tuko na mpaka mwisho wa mwezi."

Pétronille alitazama kuta. Alizipaka yeye mwenyewe udongo mweupe, mara mbili kila mwaka. Binti yao Godelieve alikua hapa mpaka akaolewa Masisi. Nyuma kulikuwa na mistari minane ya maharage iliyokuwa ndiyo kwanza inatoa maua. Moyo ulimshuka, kisha, kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuielewa, ukarudi juu kwa kishindo.

"Tanuri iko muzima?" aliuliza.

"Iko muzima."

"Vichanja?"

"Iko yote. Kwa nini?"

"Basi tukaushe machicha."

Athanase alimtazama kama mtu aliyeambiwa afuge fisi kanisani. "Machicha? Mu seshwari yangu? Unataka maua yangu inuke sawa weye?"

"Maua gani, Papa Godelieve? Maua haiko."

Neno hilo lilimchoma. Akageukia ukutani akalala bila kula, na viazi vyake vikaliwa na mkewe, ambaye kwa furaha ya wazo lake alikuwa na njaa ya watu wawili.

Kesho yake mchana Pétronille alimpelekea mumewe chakula kwenye kikaushio, na chini ya chakula, katika jani la mgomba, alificha konzi moja ya machicha ya asubuhi hiyo. Athanase alipoinama kula, mkewe akayatandaza juu ya ukuta wa tanuri, mahali panapopata joto bila moto. Jioni alirudi kuchukua sufuria. Machicha yalikuwa makavu, ya rangi ya manjano, mepesi. Akanusa. Yalinukia karanga za kukaanga! Akatia kidogo mdomoni, akatafuna, na akajikuta anacheka peke yake kama mwendawazimu.

Akayafunga tena katika jani. Nyumbani aliyatwanga, akachanganya unga wa mahindi, akapika uji. Athanase alimaliza bakuli, akalisogeza tena.

"Uliweka karanga?"

"Hapana."

"Ni kintu gani basi? Iko bitamu."

"Ni ile unazibaka nayo pua."

Athanase alibaki na kijiko hewani. Akaangalia bakuli, akaangalia mkewe, akaangalia bakuli tena. Halafu, kwa kuwa mtu aliyekwisha kumeza hana la kutema, akakila kilichobaki. Alipolamba kijiko alikuwa tayari ameshaanza kupanga vichanja kichwani.

Masera Adelaïde, sista mkubwa wa kinu, alikuwa na shida yake mwenyewe. Mkaguzi wa afya alikuwa ameandika kwamba shimo la machicha lifukiwe kwa sababu ya nzi, la sivyo kinu kisimame; na kinu kikisimama, watoto wa bwaki wangekunywa nini? Pétronille alipomwonyesha unga wake katika kiganja, Masera alipiga makofi mpaka rozari ikaruka. Saa ileile alipanda pikipiki yake kwenda kwa Mosio, mwenye shamba la pareto.

Mosio hakuwa mtu wa maneno mengi. Huko chini msituni, upande wa Walikale, kulikuwa na kambi ya wachimbaji karibu na Omate, ambayo kantini yake ilitafuta unga wenye nguvu wa kuchanganya na mahindi kwa uji wa familia. Lori la shofere Evode lilikuwa likishuka huko kila wiki. Basi, alisema Mosio: mifuko mitatu ishuke na Evode. Kantini ikikubali, kikaushio kinabaki na kazi inabaki. Ikikataa, Fundi Léonard afungue sanduku lake la spana.

Siku mbili walisugua vichanja kwa maji ya moto na majivu, kwa maana pareto ni dawa ya kuua wadudu, na Masera alikuwa amesema hataki hata unyasi mmoja wake uguse chakula. Pétronille alisugua mpaka kucha zikalainika, huku akiimba. Siku ya tatu machicha yalipoletwa, mumewe alimsogeza pembeni kwa upole wa wakubwa.

"Mambo ya kukausha uniachie. Hii njo kazi yangu."

Na alikuwa na sababu ya kujiamini. Kwa maua ya pareto, hakuna kipimo kilichomshinda. Hakuhitaji kugusa. Alikuwa akitikisa kichanja, anainamisha sikio, na ua likiwa kavu linalia: sauti nyembamba, ya kukwaruza. "Imelia," angesema, na hakuna aliyebisha. Akayatandaza machicha kama maua, akatia moto mkali kama wa maua, na alfajiri alitikisa kichanja, akainamisha sikio. Vidonge vya machicha viligongana, kwa-kwa-kwa, sauti safi kabisa.

"Imelia!" Athanase alipiga kelele. "Mama Godelieve, imelia!"

Walikumbatiana mbele ya tanuri, jambo ambalo watu wa kambi waliliongelea kwa wiki nzima. Mifuko mitatu ilishonwa, ikapakiwa, na Evode akaondoka akipiga honi. Jumapili hiyo Pétronille alikaa katikati ya benchi kanisani. Waliosogea, alimwambia mumewe, walisogea ili apate nafasi.

Siku ya saba lori lilirudi. Evode alisimamisha gari katikati ya kiwanja, wakati ambapo watu wote walikuwa wamepanga mstari wa posho, na hakushuka kwa haraka. Alifungua nyuma, akatupa chini mfuko mmoja. Ulianguka kwa uzito, na harufu yake ikaruka kabla vumbi halijaruka.

"Ile ibili ingine balitupa mu mayi," alisema Evode, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njiani. "Tulifika Walikale, mufuko iko na moto sawa mugonjwa. Kufungua, iko na nywele ya kijani. Papa Damien, mupishi wa kantini, alinipa ujumbe."

"Ujumbe gani?" Mosio aliuliza kutoka barazani.

Evode akakohoa. "Alisema: umwambie ule fundi wa milima, huku siye tunakausha nyama katikati ya mvua na haiozi. Yeye anashindwa na maharage?"

Mstari wa posho ulicheka. Walicheka wanaume, walicheka wanawake wenye watoto mgongoni, na mtu mmoja nyuma akainamisha sikio na kutikisa kikapu chake kitupu, "Imelia! Imelia!" na kicheko kikaanza upya. Athanase alisimama mikono ikining'inia. Pétronille alitamani ardhi ipasuke, si kwa ajili yake, maana yeye alikwisha kuzoea kuchekwa, bali kwa ajili ya mume asiyezoea. Mosio alimwita Fundi Léonard kwa kidole. Mchana ule dohani la kikaushio liliteremshwa likalazwa kwenye majani.

Jioni Pétronille aliporudi, ndoo haikuwepo mlangoni. Athanase alikuwa ndani gizani, na hakuziba pua. Miaka yote aliichukia ndoo ile, na sasa kutokuwepo kwake kulimtisha kuliko maneno ya Mosio.

Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini asiyeuchunguza mwiba hatautoa pia. Asubuhi Pétronille aliufungua mfuko uliorudi, akashika kidonge kimoja, akakigonga jiweni. Nje kilikuwa kigumu kama gamba. Ndani kilikuwa kibichi, cha moto, na ukungu ulikuwa umekaa humo kama mwenye nyumba. Akagonga cha pili, cha kumi. Vyote vilikuwa hivyohivyo. Akamkimbilia mumewe.

"Papa Godelieve, angalia! Ulisikia ngozi. Ni ngozi njo ililia. Ndani haikusema kintu!"

Athanase alikigeuza kidonge mkononi kwa muda mrefu. "Moto ilikuwa mingi," alisema hatimaye, na kwa mtu kama yeye neno hilo lilikuwa zito kuliko tanuri. "Ilifunga mulango, mayi ikabaki ndani. Lakini moto ikiwa kidogo, itachacha mbele ya kukauka. Machicha iko na mayi mingi sana."

"Tutoe mayi mbele."

"Kwa mikono? Nilijaribu. Unakamua, inashika mayi yake sawa muntu wa choyo."

Pétronille akageuka. Macho yake yalikuwa yameelekea kwa jirani yao Hakorimana, ambako mtumbwi wa kukamulia ndizi ulikuwa umeanikwa juani na mafungu ya majani makavu yameegemezwa ukutani. Kila mtu wa milimani anajua kasiksi, pombe ya ndizi, inavyopatikana. Ndizi mbivu ukiikanda peke yake inakuwa uji wa kunata, haitoi hata tone. Ukiichanganya na majani makavu, ukakanda pamoja, majani yanaishika nyama ya ndizi na maji yanaachia, yanatiririka kama chemchemi.

"Majani!" alisema. Kisha akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Papa Godelieve, majani! Tukamue machicha sawa kasiksi!"

Athanase alisimama. Akakaa. Akasimama tena. "Muke, weye iko na akili ya kutisha," alisema, na tangu siku ya harusi yao hakuwahi kumwambia neno tamu kuliko hilo.

Masera Adelaïde alikwenda kwa Mosio mara ya pili, na inasemekana safari hii hakupiga makofi bali alipiga meza. Alirudi na ruhusa moja: mpaka Jumamosi asubuhi, Evode atakapoondoka tena. Ilikuwa Jumatano.

Sasa, huko milimani kukamua ndizi ni kazi ya wanaume, na anayealika wakamuaji huwanywesha. Athanase alizunguka kambi akasema tu, "Kesho asubuhi kwangu tunakamua," kwa haraka yake akasahau kusema kinachokamuliwa. Alhamisi wakaja wanaume sita wenye mabega, wakiongozwa na Hakorimana na mtumbwi wake, na kila mmoja alibeba kibuyu chake cha kunywea.

Walipoona vikapu vya machicha yaliyotoka kinuni moto moto, walitazamana.

"Ndizi iko wapi?" Hakorimana aliuliza.

"Haiko," alisema Athanase.

"Kasiksi basi?"

"Haiko."

"Athanase, weye ulitudanganya! Miye naweka mikono mu machicha ya bibi? Bantu baniite Papa Machicha?"

Wengine walikuwa tayari wanageuka. Pétronille alipita katikati yao, akaweka kikapu ndani ya mtumbwi, akafungua fungu la majani safi, akalitandaza juu yake. Halafu akapandisha kitenge na kuingia mtumbwini yeye mwenyewe, mwanamke, miguu iliyooshwa mpaka magotini, kazi ambayo mama yake hakuwahi kuifanya.

"Papa Hakorimana," alisema huku akikanyaga, "mujukuu wako Verdiane, nani alimutoa bwaki?"

Hakorimana akatazama kibuyu chake.

"Alikuwa na miguu ya kuvimba, nywele mwekundu, hawezi hata kulia. Alikunywa maziwa ya Masera miezi mitatu. Leo iko anaiba mahindi yangu! Machicha ikikosa pa kwenda, kinu itasimama. Miye niko nakamua. Mwenye anaogopa jina, aende."

Hakuna aliyeondoka. Kisha Hakorimana aliweka kibuyu chake chini taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Iko anaiba mahindi kweli," alikiri, akakunja suruali. "Mama, toka. Unakanyaga mubaya. Kisigino haitoi mayi, ni nyayo yote."

"Nionyeshe, lakini sitoki."

Na hapo ndipo ilipoanza! Wanaume waliingia zamu kwa zamu, wakakanyaga, wakakanda kwa mikono, wakapokezana wimbo wa wakamuaji, ule wa kumtania mwenye pombe bahili. Maji meupe yalitoka mtumbwini kwa wingi ambao hakuna aliyeutegemea, yakafanya kijito mpaka kwenye maharage. Wanawake wa mstari wa posho walikuja kucheka wakabaki kukung'uta majani. Machicha yaliyotoka humo hayakuwa tena tope. Yalikuwa kama unga wa muhogo uliochekechwa, yakimwagika katikati ya vidole. Fundi Léonard, aliyekuja na spana zake kuendelea kung'oa, alisimama akiangalia, akajikuna kichwa.

"Sasa mutakausha namna gani bila dohani?"

"Weye njo uliitoa," Athanase alimwambia.

"Ni kweli," alisema Léonard, na akaenda kulirudisha, akalifunga kwa waya kwa sababu misumari alikuwa ameshaitupa.

Safari hii moto ulikuwa mdogo. Athanase aliulinda kuni moja moja, na hapo ndipo uhodari wake wa miaka kumi na moja ulipoonekana, maana kutunza moto mdogo kwa siku nzima ni kazi kuliko kuwasha mkubwa. Ijumaa mchana alitikisa kichanja, akainama. Uso ukang'aa. "Imel..." Akakutana na macho ya mkewe, akamezea.

"Acha ilie," alisema Pétronille. "Siye tutaiuliza vingine."

Alikuwa na chupa tupu ya bia, kavu, safi. Akatia konzi ya machicha yakiwa bado na joto, akaziba kwa gunzi, akaiweka juani. Walichuchumaa mbele yake wote wawili, pamoja na Hakorimana na Léonard, kama watu wanaosubiri yai lianguliwe. Baada ya muda kioo kikaingia ukungu mwembamba, na tone moja likateleza.

"Mayi iko ndani bado," alisema Pétronille. "Rudisha."

Jioni wakajaribu tena; ukungu mdogo, kama pumzi ya mtoto. Akarudisha. Jumamosi jua lilipochomoza, Evode alikuwa tayari anaunguruma kiwanjani, anapiga honi, anapiga kelele kwamba yeye si mtumwa wa maharage. Chupa ilikuwa imekaa kwenye jua la kwanza. Pétronille akaiinua. Aliigeuza huku, akaigeuza kule, akaitazama dhidi ya anga. Kioo kilikuwa safi, kikavu, na ndani yake machicha yalicheza kama mchanga.

"Haijatoka jasho," alinong'ona. Halafu akapiga kigelegele kilichomfanya Evode azime gari.

Mifuko mitatu ikashuka na Evode, na siku tisa mvua haikukatika. Waliofunga mizigo walifunga: Athanase alivingirisha mkeka, akatungua ungo ukutani, maana mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku tatu. Pétronille hakufunga hata kijiko. Alipalilia maharage yake, mistari yote minane, ingawa hakujua nani atayala. "Nikiacha palizi," alisema, "itakuwa nimesema haitawezekana." Lakini kila lori lililonguruma barabara ya Masisi lilimfanya asimamishe jembe.

Siku ya kumi honi ilisikika kutoka bondeni, ndefu, bila kukoma, na iliendelea mpaka kiwanjani. Evode aliruka chini kabla gari halijasimama vizuri. Alishika mifuko mitatu, akaigeuza ndani nje, akaikung'uta mbele ya watu wote. Hakikuanguka kitu.

"Angalieni! Hata vumbi! Wamama ba kambi balikung'uta mpaka mushono!" Akampa Mosio barua. Mosio aliisoma, akainua nyusi, akaisoma tena kwa sauti: kantini inataka mifuko ishirini kila mwezi.

Kiwanja kililipuka. Léonard alirusha kofia. Masera Adelaïde alisahau utawa wake akamkumbatia mtu wa kwanza aliyemwona, akawa ni Hakorimana, aliyebaki ameduwaa kama gogo.

"Ngojeni!" Evode alipaza sauti. Kutoka chini ya kiti chake alitoa kifurushi cha majani ya msituni, kimefungwa kwa kamba ya mti. Harufu ya moshi na nyama ikajaa pande zote. "Papa Damien, mupishi, alitundika mufuko mumoja inje ya jiko siku tano, mu mvua. Akafungua, iko sawa vile ilifika. Akasema: mwenye kukausha anajua mwenye kukausha mwenzake. Hii nyama ni ya ule fundi wa milima."

Kifurushi kikapita mkono kwa mkono, juu ya vichwa, moja kwa moja mpaka kwa Athanase. Watu wakamshangilia: "Kapita! Kapita!" Aliyeigiza "imelia" siku ile ndiye aliyeshangilia zaidi. Athanase alikishika kwa mikono miwili. Pétronille, aliyekuwa nyuma na kikapu chake, alifurahi kwa moyo wake wote, kweli, lakini hakuna aliyetaja jina lake. Akatazama miguu yake.

Athanase alinusa nyama ile, kwa pua yake maarufu. Halafu akageuka, akapasua umati, akaja akasimama mbele ya mkewe.

"Bamekosea muntu," alisema, kwa sauti iliyofika barazani. "Ile ya kwanza, yenye ilioza, ni miye. Hii ni yako."

Akaweka kifurushi ndani ya kikapu cha machicha. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alianza kigelegele, wengine wakakidaka.

Mosio alikuwa amefungua daftari la nyumba za kambi. "Nani anasimamia kukausha?" aliuliza.

"Miye moto. Bibi yangu kukamua na kupima. Andika yeye pia."

"Mwanamke haandikwi kapita."

"Andika basi vile unajua kuandika, Mosio. Lakini andika."

Mosio alisita, akaweka wino pembeni, akachukua kreyo, kalamu ya risasi. Chini ya jina la Athanase akaandika kwa herufi ndogo: Pétronille. Athanase alitaka kusema kwamba kreyo inafutika, lakini mkewe alimvuta shati.

"Kwa leo inatosha," alisema. "Ataona mwenyewe kama inafutika."

Jumatatu kazi ilianza kwa nguvu zote, vikapu arobaini kutoka kinuni mpaka kikaushioni, na kwa kuwa wabebaji walikuwa wachache, kapita alibeba. Jioni Athanase alifika nyumbani shati limemganda mgongoni, maji ya machicha yamekauka masikioni, nzi wawili wakimsindikiza kwa heshima zote. Akakuta ndoo mlangoni. Nyuma ya ndoo alisimama mkewe, vidole viwili puani.

"Unawe kwanza, Papa Godelieve. Mikono, miguu. Na shati uache inje."

Athanase aliinamisha kichwa, akakunja mikono ya shati, akajikaza kwa ile baridi ambayo kwa miaka mingi alikuwa akimpa mwenzake. Akazamisha mikono. Akabaki ameinama hivyo, bila kusogea.

Maji yalikuwa ya moto.

"Kesho," alisema baadaye, "miye njo nitayachemsha."